Mistari Isiyo na Majina

Seva yetu, kompyuta kuu ya hospitali, imewekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, na mpaka leo ukifungua mlango inakupokea harufu ya sabuni ya kufulia. Ni boksi jeusi linalonifika magotini. Ndani yake wamo watu wote waliowahi kutibiwa katika hospitali ninayofanyia kazi huku Kibiti: wa barabarani, wa mashambani na wa visiwani, wazima na marehemu, tangu enzi za madaftari makubwa yenye majalada ya kitambaa. Vijana waliajiriwa kuyachapa madaftari yale mstari kwa mstari. Walipomaliza, madaftari yakatupwa chumba cha nyuma, mvua ikapenya kwenye paa, mchwa wakamalizia. Kwa hiyo kilichomo ndani ya boksi ndicho kilichobaki.

Mimi ndiye ninayelitunza. Nimezaliwa Ikwiriri, katika nyumba ya wauza mchele na ufuta, na nilipokwenda kusomea kompyuta shangazi zangu walidhani nitarudi kufungua kibanda cha kutoa fotokopi. Nakiri kwamba nina hasira za karibu. Mtu akiniuliza jambo mara mbili, sauti inapanda yenyewe. Lakini na mashine naweza kushinda kutwa. Ikikosea naiuliza upya, taratibu, mpaka wenzangu wananicheka kwamba laiti ningeolewa na seva ningekuwa mke mwema.

Mwezi ninaousimulia, seva ilianza kuganda kila asubuhi. Muuguzi wa mapokezi anaandika jina la mgonjwa, anabonyeza, kisha anakaa akiangalia kiduara kinavyozunguka. Foleni inafika nje kwenye bustani ya maua. Watu wanaambiwa mtandao uko chini. Neno hilo linanichoma, maana mtandao haukuwa chini hata kidogo. Kwetu kila ugonjwa wa kompyuta unaitwa mtandao, kama vile zamani kila homa ilivyoitwa malaria.

Niliona dalili mapema. Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu. Diski ni stoo: kubwa, inameza kila kitu, lakini ukihitaji kitu lazima uende ukakichukue. RAM ni meza ya jikoni: ndogo, ila kila kilicho juu yake unakifikia kwa mkono. Nilipofungua skrini ya kuangalia hali ya seva, meza ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na mashine ilikuwa inakimbia na mabakuli. Inatoa moja mezani inalipeleka stoo, inaleta jingine, halafu inagundua inalitaka lile la kwanza. Taa ya diski ilikuwa inawaka bila kupumzika. Kazi ilikuwa nyingi na hapakuwa na kinachoiva.

Nikafanya anachofanya kila fundi mwenye haraka. Nikaomba RAM nyingine. Ililetwa kwa basi kutoka Dar, imefungwa gazeti ndani ya boksi la biskuti, nikaichomeka, meza ikawa kubwa mara mbili. Siku mbili hospitali nzima ilinipenda. Wauguzi walinitengea chapati. Siku ya tatu meza ikajaa tena, ile ile kubwa, na kiduara kikarudi kuzunguka. Nilitukana peke yangu mle stoo, maneno ambayo mama yangu hajui kwamba ninayajua.

Nilipopoa nikafanya nililotakiwa kulifanya mwanzo: nikasoma daftari la matukio, mahali ambapo seva yenyewe huandika imefanya nini, saa ngapi, na imechukua muda gani. Kuiongezea mashine RAM kabla ya kusoma daftari hilo ni kumbadilishia mgonjwa kitanda kabla ya kumpima. Nikakuta kazi moja tu iliyokuwa inakula kila kitu. Ilikuwa inaanza alfajiri na haimaliziki. Ilikuwa kazi ya kutafuta watu walioandikishwa mara mbili.

Kazi hiyo niliiweka mwenyewe, na sababu ni maisha ya huku. Mtu wa bonde hili ana makazi mawili. Msimu wa mpunga familia inahamia shambani na kukaa katika dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Akiugua akiwa kijijini anaandikishwa zahanati ya kijijini. Akiugua akiwa shambani anaandikishwa zahanati iliyo karibu na shamba, kwa kadi mpya, maana ile ya kwanza imebaki nyumbani. Habari zote hizo zinakuja kwenye seva yetu. Basi nikaiagiza seva: mchukue kila mtu, mtafute mwingine mwenye jina kama lake, waweke pamoja tuwaangalie.

Kwa wenye majina ilikuwa kazi nyepesi. Tabu ilikuwa kwenye mistari ambayo kisanduku cha jina kilikuwa kitupu. Kwa mashine, tupu na tupu zinafanana. Kwa hiyo ilikuwa inamchukua wa kwanza asiye na jina na kumweka na wote wasio na majina, halafu inamchukua wa pili na kufanya hivyo hivyo, halafu wa tatu. Kumi kwa kumi ni mia. Elfu kwa elfu ni milioni. Sisi tulikuwa na maelfu, na meza gani ingetosha?

Nikajua nimempata mchawi. Nikawalaani wale vijana wachapaji kwa uvivu wao, kwamba mtu analipwa kuandika majina ya watu na anaruka majina. Takataka tupu, nilijisemea. Nikaandika amri ya mstari mmoja: futa kila mstari usio na jina. Sikuibonyeza. Nilitaka kuifanya Ijumaa mchana, wakati wa sala, dirisha la mapokezi likiwa kimya. Nilikuwa na nakala ya akiba ya mwezi uliopita, na sikujisumbua kuifungua nione kama ni nzima. Nilikuja kuijaribu wiki mbili baadaye. Haikufunguka.

Ijumaa hiyo, saa tatu asubuhi, mtu akapiga hodi kwenye mlango wa stoo. Alikuwa mama wa makamo, ushungi mweusi juu ya kanga, mkononi kikapu kidogo cha ukindu. Wa mapokezi walikuwa wamechoka naye wakamwambia aje kwa fundi. Alinisalimia kwa urefu wa watu wa visiwani, hali yangu, ya nyumbani, ya kazi, nami nikamjibu kwa ufupi wa mtu anayetazama skrini.

"Mtandao uko chini, mama," nikasema. Ndiyo, mimi mwenyewe.

"Mie sikuja kwa mtandao, mwanangu. Nimekuja kuuliza habari za mtoto wangu."

"Amelazwa wodi gani?"

"Hajalazwa. Kafa. Huu mwaka wa kumi na sita."

Nikageuza kiti. Alikuwa bado amesimama, kwa hiyo nikatoa boksi la vifaa kwenye benchi nikamwambia akae. Alitoka Maparoni, huko visiwani. Alipanda boti mpaka Nyamisati, akalala kwa ndugu, asubuhi akapata gari. Akanieleza bila kulia, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njiani.

Uchungu ulimshika siku mbili, mtoto hatoki. Akaletwa hapa, akapelekwa chumba cha upasuaji, akalazwa usingizi. Alipoamka aliambiwa apokee pole. Mumewe alikwisha kukabidhiwa mtoto amefungwa kanga, naye kwa mshituko hakuuliza lolote. Alidhani katoka mfu. Akamzika siku hiyo hiyo kwa jamaa yake wa hapa mjini, bila sala na bila jina.

"Juzi hapa kwenye darasa letu la wanawake, mwalimu katusomesha," akasema. "Mtoto akitoka mfu haswaliwi. Lakini akilia, hata sauti moja, huyo mtu kamili. Ana haki ya jina na ana haki ya kuswaliwa. Tangu siku hiyo mie chakula hakipiti. Baba yake naye kanyamaza, hasemi. Nataka kujua kama alilia."

Hilo tu ndilo lililomtoa Maparoni.

Ningependa kusema kwamba nililainika palepale. Nilimwambia mashine imeganda, nikamwambia arudi Jumatatu.

"Jumatatu maji hayatonipa njia ya boti," akasema. "Ntakaa."

Akakaa. Hakuvuta pumzi za kulalamika wala hakunitazama. Alikunja mikono juu ya kikapu chake, nami nikaona aibu kidogo, na aibu kwangu huja na hasira. Nikamuuliza jina lake kwa ukali, nikaliandika, nikabonyeza. Kiduara kikazunguka. Kilikuwa bado kinazunguka alipoingia mama wa masijala na chupa ya chai. Mama huyu alikuwepo hospitalini tangu wakati wa madaftari. Ndiye aliyekuwa akiyapiga mistari kwa rula kila mwanzo wa mwaka. Anakaribia kustaafu na hataki, na mimi ndiye mtu pekee ambaye yeye hupenda kumsumbua.

"Mnamtafuta nani?"

"Mtoto wa mama huyu. Wa zamani."

"Kwa jina gani?"

Nikamgeukia mgeni. "Mama, mtoto jina lake nani?"

"Hana jina," akasema. "Nshakwambia, mwanangu. Hakuifikia siku ya saba."

Mama wa masijala akaweka chupa chini. "Basi usimtafute kwa jina," akaniambia. "Wa wodi ya wazazi wote tulikuwa tunaacha wazi. Mama anatoka siku ya pili, mtoto anapewa jina siku ya saba. Tungeandika nini? Kile kisanduku tulikiacha, akirudi kliniki na jina anafunguliwa mstari wake mwingine."

"Na asiyerudi?"

"Asiyerudi anabaki vile vile."

Mila hii nilikuwa naijua kabla sijaota meno. Mimi mwenyewe nilikaa siku saba sina jina, wanangu wawili vile vile, mbuzi akachinjwa, nywele zikanyolewa. Hakuna mtu kutoka Ikwiriri mpaka kisiwa cha mwisho anayehitaji kufundishwa jambo hili. Lakini lilipokuja limevaa nguo za kompyuta sikulitambua. Niliona visanduku vitupu nikasema takataka. Kwenye skrini yangu ya pembeni amri yangu ilikuwa bado imeandikwa, mstari mmoja, ikingoja adhuhuri.

Niliifuta ile amri herufi moja moja, sijui kwa nini, ningeweza kuifuta kwa mara moja. Kisha nikaiua ile kazi ya alfajiri iliyokuwa bado inahangaika.

Sasa nieleze nilichokiona, ingawa kwa mtu mwingine ni grafu tu. Ule mstari wa RAM uliokuwa umegandana na dari ya skrini ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka, mpaka nusu, mpaka robo. Taa ya diski ikatulia. Feni ya seva, ambayo nilikuwa nimezoea kelele zake hata sizisikii, ikapunguza mwendo, na chumba kikawa kimya. Hapo ndipo nilipoelewa mashine ilikuwa inafanya nini asubuhi zile zote. Ilikuwa inamchukua kila mtoto aliyeandikwa kabla ya kupewa jina, mmoja mmoja, inampeleka kwa kila mwenzake asiye na jina, na kuuliza: ni wewe? Inapata jibu, inamrudisha, inamchukua mwingine. Haikumruka hata mmoja. Ilipoishiwa na meza ilienda stoo, iliporudi iliendelea. Mimi niliyepewa kazi ya kuwatunza nilikuwa tayari kuwafuta kwa kidole, na ile mashine isiyojua kitu ilikuwa inawabeba wote mpaka inaganda. Nilisema Subhanallah kwa sauti. Mama wa masijala akadhani nimeumia.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida, lakini niliifanya kama mtu anayetia udhu. Niliiandika upya ile amri ya kutafuta waliojirudia, nikaiambia iwapite wasio na majina, wasilinganishwe na yeyote. Halafu nikatengeneza faharasa ya majina ya akina mama. Faharasa ya kanzidata, ile hifadhi ya taarifa zote, ni kama ile ya nyuma ya kitabu. Bila hiyo mashine inasoma kurasa zote tangu mwanzo kutafuta neno moja. Ikiwepo, inakwenda moja kwa moja. Miaka yote hatukuwahi kuweka faharasa kwa upande wa mama, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kumtafuta mtu kwa njia hiyo.

Ilichukua muda. Nikamtuma mgeni akale, akakataa, akakubali chai. Nilimsikia akimuuliza mama wa masijala kuhusu bei ya mchele Kibiti na kama kweli barabara ya Nyamisati itatiwa lami, wanawake wawili wakizungumza yao. Mgongo wake alikuwa ameunyoosha kabisa. Msikiti wa jirani ukaadhini. Faharasa ikawa tayari.

Nikamwita muuguzi mkuu wa zamu, kwa kuwa habari za wodini si zangu kuzisoma ovyo. Akasikiliza, akamtazama mama, akasema, "Hizo ni habari zake mwenyewe. Asomewe." Akabaki amesimama mlangoni.

Nikaandika jina la mama na kijiji chake na mwaka. Nikabonyeza. Sikupata hata nafasi ya kuondoa kidole. Mistari miwili ilikuwa imeshatokea, na nilibaki nimeduwaa. Kati ya maisha yote yaliyomo ndani ya boksi lile, mashine ilikwenda ikawaleta wawili kabla sijapepesa.

"Wako wawili," nikasema. "Kuna mwanamke mwingine wa jina lako Maparoni?"

"Tuko wengi. Sote majina ya bibi zetu."

"Wa kwanza ni msichana."

"Si wangu," akasema. "Wangu wa kiume. Hilo baba yake aliniambia."

Basi alikuwa wa pili. Kisanduku cha jina kitupu. Pembeni yake palikuwa na maneno, vile vile alivyoyaandika muuguzi fulani kwa kalamu miaka kumi na sita nyuma, na vile vile alivyonakili mmoja wa wale vijana niliowaita wavivu, bila kuruka neno. Namwomba radhi popote alipo. Niliyasoma kimoyomoyo kwanza. Niliogopa. Nilikuwa sijawahi kuogopa kitu kilichoandikwa kwenye skrini.

"Soma, mwanangu," akasema mama. Alikuwa amesimama.

Nikasoma. "Mvulana. Kilo mbili na robo tatu. Saa tano asubuhi. Alilia, sauti ndogo. Aliishi dakika kumi na mbili."

Mama wa masijala alijifuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Rudia."

"Alilia, sauti ndogo."

"Alilia," akasema yeye. Kisha akasema, "Dakika kumi na mbili. Na mie nimelala." Akakaa tena kwenye benchi, akatoa simu ndogo ndani ya kikapu, akabonyeza, akangoja. Simu ilikuwa na sauti kubwa, tulimsikia mumewe akisema haloo, na nyuma yake mtu anagonga mbao kwa nyundo.

"Alilia," akamwambia. Hakutanguliza salamu, yeye aliyenisalimia mimi mpaka na kuku wa nyumbani.

Nyundo iliendelea. Halafu mumewe akauliza, "Nani kasema?"

"Imeandikwa. Wanayo hapa."

"Basi ntakuja," akasema. "Ntakuja na mwalimu, tukamsalie pale pale kaburini."

Alipokata simu mama aliitazama skrini, ingawa alikwisha kuniambia hajui kusoma. Akanyoosha kidole mpaka karibu kabisa na kioo bila kukigusa. "Hapa pa jina pako wapi?"

Nikamwonyesha. Palikuwa na kisanduku cheupe kilicho wazi.

Kubadilisha kumbukumbu za mgonjwa kuna fomu, na fomu ina sahihi tatu. Nilimtazama muuguzi mkuu. Akasema fomu tutajaza pamoja. Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikamwambia mama asiharakishe, akitaka ashauriane kwanza na baba yake mtoto, akitaka afikiri, mimi nipo.

Hakufikiri. Alilitaja jina palepale, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe aje kula.